Kila Kitu Kibaki Kilipo

Tarehe 9 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa kila akiamkia mtu anamlowesha, kwa hiyo jiandae siku tutakapokuja. Mama yake anakusalimu. Anauliza kama ile blauzi uliyomshonea inaweza kupanuliwa. Anasema imerudi ilipofuliwa, na mimi nimeamua kukubaliana naye kwa ajili ya amani ya nyumba.

Najua hutaniuliza kwa nini sikupiga simu. Ni wewe uliyenilea na neno lako kwamba simu ni ya msiba na ya haraka, mwenye habari aandike. Basi nina habari.

Wiki iliyopita ililetwa bahasha hapa kiwandani, imetoka kwa Katibu wa Umoja wa Kujitolea. Septemba Umoja unatimiza miaka arobaini na wanataka kijitabu cha historia. Wamenipa mimi kazi ya kukiandika, kupanga kurasa na kukichapa, eti kwa kuwa mimi ni mtoto wa nyumba. Wameniletea kurasa tatu za maelezo na picha ya waanzilishi saba. Wewe uko katikati, umekunja mikono, uso umeukaza. Maelezo yenyewe ni makavu: tarehe za mikutano, idadi ya wanachama, wilaya zilizojiunga. Katika miaka arobaini hakuna hata mtu mmoja aliyecheka.

Naomba unisimulie ilivyoanza. Na nina swali moja. Kanuni ya kwanza ya Umoja, ile ambayo kila mjitolea huikariri kabla ya kupewa zamu, inasema: "Kila kitu kibaki kilipo mpaka mwenyewe aseme." Katibu ameandika kwamba ilitungwa ili wajitolea wasije wakasingiziwa wizi kwenye nyumba za watu. Nilikuwa tayari kuipanga hivyo hivyo, lakini nikakumbuka kuwa ulinikaririsha maneno hayo kabla sijajua kusoma, na hukuwahi kutaja wezi. Ukweli ni upi?

Mwanao,
Wino

*

Tarehe 3 Machi

Wino, mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yanayolalamika mvua ikikaribia. Kaka yako alikuja Jumapili na watoto wake, wakanisalimia vizuri sana na wakamaliza sukari yote. Mtaani wamechimba mtaro wa mabomba halafu wakaenda zao, na kila siku kuna mtu anayeuingia bila kukusudia. Mwambie mkeo blauzi haijarudi popote. Afumue mishono ya ubavuni, niliacha vidole viwili kila upande, maana nilimwona anavyofurahia maisha.

Historia unayoitaka inaanza na matope. Mwaka ule mto uliingia mitaa ya chini kabla watu hawajaamka. Chumba changu cha ushonaji kilikuwa mwinukoni, wakaja kulala humo watu kumi na wanne katikati ya vyerehani. Maji yalipotoka, kila mtu alirudi kwake kulia na vitu vyake, tukabaki saba ambao hatukujua kupumzika: seremala, mwashi, mwalimu, nesi wa zahanati, tarishi wa posta ambaye leo ndiye Katibu (wakati huo alikuwa na nywele), marehemu mume wangu, na mimi. Tulitoa matope kwenye nyumba sitini na mbili kwa makoleo matatu na vifuniko vya sufuria.

Mkutano wa kwanza ulifanyika chumbani kwangu. Seremala alikuja na benchi lake, akawa mwenyekiti hapo hapo, kwa kuwa ndiye peke yake aliyeleta kitu cha kukalia. Nesi alitufundisha kumbeba mgonjwa juu ya mlango uliong'olewa kwenye bawaba. Mlango wenyewe ulikuwa wa mwashi, akalala miezi miwili bila mlango na hakuibiwa kitu, maana hakuwa na kitu. Watu walitucheka. Walituita Wasio na Kwao, kwa kuwa kila wakati tulikuwa kwenye nyumba za wengine. Mume wangu alisema jina limetufaa, yeye ana wiki hajaniona.

Hiyo ya kanuni ya kwanza, alivyoandika Katibu inatosha. Iache ilivyo.

Shangazi yako

*

Tarehe 25 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimewasomea mafundi wenzangu hapa kiwandani na wote wanaulizia mlango wa mwashi. Mama mtoto amefumua mishono na kumbe vidole viwili vilikuwepo. Hataki tena kulizungumzia. Mtoto ameota jino moja, limepinda kidogo, baba yake alikuwa hivyo hivyo.

Sasa nisikilize bila kuninunia. Kazi yangu ni kutazama mistari. Miaka ishirini na mbili nimekula kwa kutazama mistari. Barua yako ilianza vizuri, lakini ukurasa wa pili mstari mmoja umepanda juu ya mwingine, na habari za benchi zimeandikwa juu ya habari za mlango. Ilituchukua mapumziko mawili ya mchana, mimi na mwenzangu, kuzitenganisha. Wewe ulikuwa unapiga mshono wa gauni zima la dira bila chaki na unatoka umenyooka. Macho yako yakoje?

Na kuna jambo jingine limenijia nilipokuwa nasoma. Nilipokuwa na miaka sita au saba, kila Alhamisi ulinishika mkono tukavuka daraja mpaka nyumba moja yenye mlango wa kijani. Chumba cha nyuma alikaa mama mmoja asiyeona. Alinipapasa kichwa akasema nimeongezeka kiasi gani, na hakukosea. Alikuwa na mikono yenye nguvu, na muda wote alikuwa akivutavuta kipande cha kamba. Nilidhani ni ndugu yetu, nikakua, nikasahau kuuliza. Alikuwa nani? Nauliza kwa sababu nadhani ni mle chumbani nilimosikia maneno ya ile kanuni mara ya kwanza.

Mwanao,
Wino

*

Tarehe 6 Mei

Wino,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, kalamu zilinikatalia. Karatasi za siku hizi nazo zinateleza, mtu huwezi kushika mstari. Macho yangu ni mazuri.

Habari za nyumbani ni kwamba cherehani nimempa jirani akitumie, nimeshona vya kutosha maishani mwangu. Kaka yako anazidi kunenepa na kutoa ushauri. Nina kidonda kidogo mkononi, ni sufuria tu, kimeshapona.

Bado sijakueleza tulivyoenea. Hatukuenea kwa akili yetu. Mwalimu alihamishwa wilaya ya pili, akakaa mwezi mmoja akimtazama mzee wa jirani akibeba maji na mguu mbovu, uvumilivu ukamwisha, akakusanya watu. Nesi naye akahamishwa upande wa milimani, yakawa yale yale. Wakubwa walidhani wanahamisha wafanyakazi, kumbe wanatusambaza sisi. Ndiyo hizo wilaya kumi na moja unazoziona kwenye karatasi za Katibu.

Kazi yenyewe ni ndogo ndogo, usiitie chumvi. Kila anayehitaji mtu ana kadi yake, na kila kadi ina watu wawili na siku zao. Kuna wa kuchotewa maji, kuna wa kusomewa barua, kuna wa kufuatiwa dawa, kuna asiyetaka chochote ila mtu wa kugombana naye mchana. Kiangazi tunaezeka mapaa. Mwaka wa kipindupindu tulichemsha maji ya shule nzima wiki tisa, mwashi akawa analala amesimama. Hayo yaandike.

Katibu alikuja juzi na wajitolea wawili, wakakaa wakinitazama, halafu akaniuliza kwa upole kama wanifungulie kadi. Mimi niliyezikata zile kadi za kwanza kwa mkasi wangu. Niliwakaribisha chai nikawaambia waende kwa wenye shida.

Mambo ya Alhamisi yalikuwa ya Alhamisi. Usiniulize tena.

Shangazi yako

*

Tarehe 24 Mei

Shangazi wangu,

Shikamoo. Huku wote wazima, na mimi naandika nikijua utanikasirikia, lakini mficha maradhi kifo humuumbua.

Nilimwandikia Katibu, nikampigia na kaka. Kaka anasema ulimmiminia chai pembeni ya kikombe, na alipoingia ulilisalimia koti lililotundikwa mlangoni, ukaliuliza habari za watoto. Alikupeleka kwa daktari wa macho mwezi wa Machi. Hukunieleza. Daktari alimwambia jicho la kulia limekwisha na la kushoto linafuata, na hakuna dawa ya kurudisha kilichoondoka. Hukunieleza hilo pia. Niliisoma tena barua yako, "macho yangu ni mazuri", nikakaa chini kwenye ngazi za kiwanda.

Basi tumekaa, mimi na kaka, tumeamua. Chumba cha nyuma kwake kimepakwa rangi, kitanda kipya kimenunuliwa, na mkewe ameshona mapazia. Tarehe 14 Juni atakuja na gari la mizigo. Wewe usihangaike na lolote. Vitu vitafungwa, vilivyochakaa vitaachwa, nyumba itatafutiwa mpangaji. Hutapika, hutachota maji, hutaungua tena. Usiseme utatulemea, ng'ombe haelemewi na nunduye. Ulitulea sisi wawili kwa sindano na uzi, sasa ni zamu yetu. Kaa tu utusubiri.

Tunakupenda, Shangazi. Ndiyo sababu tunafanya hivi.

Mwanao,
Wino

*

Tarehe 5 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Wiki sita sasa. Kila siku nashuka kwenye kisanduku cha barua, mpaka mlinzi ameanza kunipa pole.

Kaka amenieleza. Anasema alifika na gari na wapagazi wawili, ukafunga mlango, ukamwambia dirishani kwamba mtu aliyekuja kumchukua amehama. Wapagazi walicheka, yeye hakucheka. Amerudi na kitanda chake, na amesema mkataa pema pabaya panamwita. Nilijaribu kumtuliza, ila kusema kweli na mimi sikukuelewa. Tulifikiri tunakufanyia wema.

Kijitabu kimekamilika isipokuwa ukurasa wa kanuni. Nimeuacha wazi, sijui kwa nini. Niandikie hata neno moja. Hata likiwa tusi, mradi nijue unaandika.

Mwanao

*

Tarehe 20 Julai

Wino, mwanangu,

Marahaba. Ukiiona bahasha imevimba usidhani ni zawadi. Naandika kwa kalamu nene ya kuandikia maboksi, mistari minne inajaza ukurasa. Salimia mkeo, mbusu mtoto. Nimekukasirikia wiki nane. Nimeacha, kwa sababu kukukasirikia kunanichosha kuliko kukupenda, na kwa umri huu lazima nichague kazi nyepesi.

Kwanza ujue jinsi barua yako ya Mei ilivyonifikia. Kusoma siwezi tena tangu Aprili. Nilimpa muuza magazeti wa hapa kona anisomee, na yeye ana sauti ya kazi yake. Kwa hiyo habari za kuhamishwa kwangu nilizisikia pamoja na watu wanne waliokuwa wakinunua magazeti. Mmoja aliniuliza kodi ya nyumba itakuwa kiasi gani.

Sasa nitakueleza Alhamisi, na ukinielewa utajua kwa nini nilifunga mlango.

Yule mama wa mlango wa kijani hakuwa ndugu yetu. Alikuwa fundi wa kusuka viti. Maofisi yote ya mji yalikalia viti vyake, na yeye hakuwahi kukiona hata kimoja, maana alipofuka akiwa mtoto. Alikaa peke yake kwenye chumba kimoja na ukumbi mdogo, akajipikia, akafua, akasuka, na hakumwomba mtu kitu. Mwaka ule ule wa kwanza wa Umoja aliugua kifua, akalazwa wiki tatu. Nesi alituletea habari. Mimi ndiye niliyesema, "Twendeni tukamtengenezee nyumba, arudi afurahi." Wino, nataka hilo ulishike. Si Seremala, si mume wangu. Ni mimi.

Tulifanya kazi kweli kweli. Mwashi alipaka chokaa. Seremala alitengeneza kabati, tukapanga humo kila kitu kilichokuwa kimetapakaa sakafuni na kuning'inia misumarini. Kitanda tulikisogeza chini ya dirisha apate mwanga. Watu saba wenye akili timamu, na hakuna aliyejiuliza mwanga ule ni wa kumsaidia nini. Kulikuwa na kamba kuukuu iliyotoka kitandani ikapita ukutani mpaka mlangoni, ikaendelea nje mpaka chooni. Nikasema ni kamba ya nguo imelegea. Niliikunja mwenyewe nikaitupa jalalani.

Siku aliyorudi tulisimama mlangoni, tukapiga makofi. Aliingia hatua tatu, akanyoosha mkono kushika kamba. Mkono ukapita hewani. Akaunyoosha upande wa pili. Halafu akasimama katikati ya chumba chake, harufu ya chokaa mpya imejaa, akauliza, "Hapa ni kwa nani?"

Tulicheka. Tulidhani anatania kwa furaha. Nesi ndiye wa kwanza aliyeacha kucheka.

Tulijaribu kurudisha. Lakini watu saba wanakumbuka chumba kimoja namna saba, na kitanda kikikosea shubiri moja kwake ni sawa na ukuta uliohama. Hakuiamini tena nyumba yake. Mwezi haukuisha akaungua mkono, akagonga paji la uso kwenye kabati letu. Kaka yake akaja akamchukua, kwa wema na yeye, akampa chumba cha nyuma. Wifi yake aliogopa kumwachia kisu, na fundi wa viti bila kisu hana kazi. Hakusuka kiti tena mpaka anakufa. Kile kipande cha kamba ulichokiona mkononi mwake ndicho kilichobaki cha ufundi wake wote.

Alhamisi ya kwanza nilikwenda kuomba radhi. Nilisema maneno mengi, nililia. Alisubiri nimalize, akaniambia, "Mngeniuliza." Basi. Wiki iliyofuata nikarudi, akavutavuta kamba yake tu. Ya tatu aliniambia nitoe kalamu niandike: kila kitu kibaki kilipo mpaka mwenyewe aseme. Nikapeleka mkutanoni, ikapita. Haikuwa kanuni yangu, ilikuwa yake. Tuliona aibu sote, tukakubaliana tusitaje sababu, na baadaye watu wakatunga hiyo ya wizi, nasi tukanyamaza kwa kuwa ilitusitiri. Nilimtembelea miaka tisa. Husemwa tenda wema nenda zako. Mimi nilitenda nikasimama mlangoni kungoja kushukuriwa.

Kutoka kitandani kwangu mpaka jikoni ni hatua kumi na mbili, na kwenye ya saba napita dirisha, nasikia upepo. Najua msumari wa kila kikombe. Najiunguza mara moja moja, ni kweli, na kweli kuna vitu siviwezi. Lakini humu mimi ni mwenyewe. Mkinihamishia kwa kaka yako nitakuwa mgeni mpaka nife, hata mapazia yangekuwa ya hariri. Naogopa, mwanangu. Sijawahi kuogopa hivi, hata mwaka wa mto.

Katika kijitabu mtie yeye.

Shangazi yako

*

Tarehe 3 Agosti

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kwenye mashine. Mwenzangu aliponiona alinipa kitambaa nijifute, kilikuwa na wino, nikarudi nyumbani na uso mweusi na mtoto akacheka hadi akakohoa. Mama yake alichukua kurasa zako akazisoma zote amesimama. Tangu siku hiyo hajanigusia habari za chumba cha nyuma.

Nilimpigia kaka simu, maana hili nililiona ni la haraka. Nilimsomea yote. Kisha akasema kitanda atawapa watoto, na kwamba amekosa, na kwamba atakuja Jumapili kukuambia mwenyewe, tena atabisha hodi na atangoja. Usimfungie. Alipaka chumba kile kwa mikono yake, Shangazi. Wema wake ni wa kweli, kama ulivyokuwa wenu.

Na mimi nimekosa kuliko yeye, kwa kuwa mimi nilikaririshwa. Niliandika "wewe usihangaike na lolote", nikaona nimesema jambo zuri. Nilikupangia siku, gari, kitanda na mpangaji, na katika barua nzima hakuna alama hata moja ya kuuliza. Nimeihesabu nakala yangu. Hakuna.

Ukurasa wa kanuni nimeuandika kama ulivyonieleza. Nimeandika "waanzilishi walikosea", sikutaja nani alitoa wazo. Ukitaka libaki hivyo litabaki.

Na hapa nauliza, na jibu lako ndilo litakalofuatwa, liwe tamu liwe chungu: Shangazi, unataka nini?

Mwanao,
Wino

*

Tarehe 26 Agosti

Wino, mwanangu,

Marahaba. Mwandiko huu mzuri si wangu, usishangae. Anayeandika ni binti anayefanya kazi ya stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na zamu zake kwangu ni Jumanne na Ijumaa. Nimemwambia aandike kila ninachosema na asinitengenezee lugha. Anasema sawa, Bibi. Hilo nalo ameliandika.

Kaka yako alikuja. Alibisha hodi mara nyingi hata nikaona haya. Aliomba radhi, nikaomba yangu, maana kumwambia mtu kwa dirisha kwamba nimehama si adabu. Ameniletea magunia mawili ya mkaa na hajatoa ushauri wowote, ila nilimsikia anavyojizuia.

Umeniuliza ninachotaka. Swali lako lilinishinda siku tatu. Nimezoea kuuliza wengine.

Nataka kukaa kwangu. Nataka mtu wa kunisomea barua ambaye sauti yake inaishia mlangoni, na huyo nimempata. Nataka kuchotewa maji, nimekubali, magoti pia yamekubali. Kupika nitapika mwenyewe mpaka nitakaposema vinginevyo. Seremala amesikia, amekuja na fito anataka kunipigia reli ukutani. Nimemwambia asubiri. Ana miaka themanini na moja na bado ana haraka.

Kadi nimefunguliwa. Katibu aliiandika mezani kwangu, akiniuliza kila neno mara mbili, nikamwambia kadi ya mama mwenye makuu haiandikwi kwa wasiwasi. Siku hiyo tulikuwa wote watatu tuliobaki katika saba wale, yeye, Seremala na mimi, nikawaambia tunasema sasa. Katibu alikuwa ameiamini hiyo ya wizi kwa miaka mingi mpaka kaisahau ya kweli. Ilimrudia pale pale, akavua miwani. Seremala alilia kwa ajili ya lile kabati. Anasema lilikuwa kabati zuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza.

Kwa hiyo usiandike "waanzilishi walikosea". Andika kwamba wazo lilikuwa la fundi cherehani, yule wa katikati aliyekunja mikono. Na usiandike saba. Andika wanane, na wa nane ni fundi wa viti, ambaye hayumo pichani kwa kuwa hatukumwita, na ndiye aliyetupa kanuni ya kwanza. Wajitolea wa wilaya kumi na moja waikariri wakijua ni ya nani. Katibu amekubali. Seremala amekubali. Nimeona nikuambie kuwa na mimi nimekubali, maana mimi ndiye niliyekuwa mgumu.

Nitakueleza la mwisho, na binti ananiuliza kama kweli aliandike. Aandike.

Siku yake ya kwanza alipiga hodi, nikamkaribisha, nikasikia amevuka kizingiti na kusimama. Nikangoja. Hakuna ufagio, hakuna ndoo, hakuna kitu. Nikamuuliza mbona haendelei. Akasema, "Bibi, sijui unataka nianzie wapi."

Mwanangu, miaka arobaini nimewafundisha watu swali hilo. Nimewafundisha kwenye madarasa, kwenye vibaraza, nimewafokea waliolisahau. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza mimi. Nilikaa kitini nikalia, na yeye akasimama pale pale, hakunifuta machozi wala hakunishika, mpaka nilipomaliza.

Halafu nikamwambia. Tangu mwezi wa Machi sijakiona kichwa changu kwenye kioo, nimekuwa nakifunga kitambaa ili watu wasijue kilivyo. Nikamwambia aanze na nywele. Nikafungua kitambaa, nikakaa chini kati ya magoti yake, akachambua taratibu, akasuka, akiniuliza kila njia iende wapi, na mimi nikimwonyesha kwa kidole. Tulimaliza adhuhuri.

Njoo na mkeo na mtoto, siku yoyote mnayotaka. Mtanikuta nyumbani.

Shangazi yako